Makelele aliyefanya kazi bila makelele

Wamama wapenzi, juma hili tunazungumza juu ya mpira. Msigeuze ukurasa: habari hii inahusu nyumba zetu pia.

Jioni tukitoka masomoni tunawakuta watoto wakicheza kwenye mchanga kando ya ziwa. Kila mmoja anataka kufunga bao. Anayewekwa katikati ananuna, kwani huko hakuna wa kumpigia vigelegele. Mtoto wa namna hiyo tunamsimulia habari ya Claude Makelele.

Alizaliwa Kinshasa tarehe 18 Februari 1973. Baba yake naye alikuwa mchezaji wa mpira. Mtoto alipofika miaka 4, familia ilihamia Ufaransa. Huko alikua, akaingia timu ya Nantes, na mwaka 1995 wakawa mabingwa wa Ufaransa. Baadaye alipita Marseille na Celta Vigo, na mwaka 2000 akachukuliwa na Real Madrid ya Hispania.

Kazi yake ilikuwa kiungo mkabaji. Alisimama mbele ya mabeki, akawapokonya wapinzani mpira, akampa mwenzake wa karibu, kisha akarudi mahali pake. Mabao aliyofunga ni machache sana. Jina lake ni Makelele, lakini yeye alifanya kazi kimya.

Akiwa pale, Real Madrid ilipata ubingwa wa Hispania mwaka 2001 na 2003, na ule wa Ulaya mwaka 2002. Sifa zilikwenda kwa Zidane, Figo na Ronaldo. Mshahara wake ulikuwa chini sana ya wao. Mwaka 2003 aliomba aongezewe, wakubwa wakakataa. Kipindi kilekile walimnunua David Beckham. Makelele akaondoka, akaenda Chelsea ya Uingereza.

Ndipo pengo lilionekana. Real Madrid haikupata tena ubingwa wa Hispania mpaka mwaka 2007. Chelsea ilikuwa bingwa mwaka 2005, baada ya kungoja miaka 50. Katika michezo 38 ilifungwa mabao 15 tu. Ikarudia mwaka 2006. Mwaka huohuo Makelele, mwenye miaka 33, alicheza fainali ya Kombe la Dunia na Ufaransa. Hata leo nafasi ile ya uwanjani wengi wanaiita kwa jina lake.

Sasa turudi nyumbani. Sisi walimu tunamwona msichana anayesinzia darasani asubuhi. Ameamka kabla ya jua, amechota maji, ameosha vyombo, amewavalisha wadogo zake, mama amewahi sokoni na ndagala. Nyumba inasimama kwa sababu yake, lakini anayesifiwa ni kaka yake aliyeleta pointi nzuri. Makelele alikuwa na mahali pa kwenda alipochoka. Msichana huyu hana. Yeye hudondoka masomoni pole pole, na siku moja kiti chake kinabaki kitupu.

Wamama, hatusemi watoto wasisaidie kazi. Sisi wenyewe tulikua hivyo. Tunasema tuigawanye. Kaka naye achote maji. Siku ya mtihani, dada apumzike. Na leo jioni, kabla ya kula bukari, tumwite kwa jina lake mbele ya wote, tumwambie: asante, mwanangu, tumeona.