Mto Sibiti na Maziwa Yake Mawili

Kwenye daraja la Sibiti, mpakani mwa Mkalama na Meatu, nilishuka hadi ukingoni, nikachota maji kwa kiganja na kuyaonja kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa na tope na uvuguvugu, na chumvi kwa mbali sana. Siku mbili baadaye nilifanya vilevile kwenye ufuko wa Eyasi, nikatema papo hapo. Ulimi uliwasha kama niliyelamba magadi, na kweli nilikuwa nimelamba magadi.

Mto ni uleule mmoja. Sibiti unatoka Ziwa Kitangiri, unakatiza nyika kuelekea kaskazini mashariki, unaingia Eyasi. Ukitaka kuelewa kwa nini ziwa moja lina chumvi na jingine lina nafuu, huhitaji maabara. Panda basi hadi Singida, shika barabara ya Nzega, chepuka Iguguno uende Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama. Kwangu mimi hakuna kambi nzuri ya likizo ya maziwa kuliko mji huu mdogo, wenye alizeti mashambani na kuku wa kienyeji wanaopisha bodaboda kwa shingo upande.

Kitangiri ni ziwa pana lenye kina kifupi. Linapokea maji ya Wembere, na kila tone la mto hubeba chumvichumvi kidogo iliyomong'onyolewa kutoka kwenye miamba na udongo. Jua la Singida hunyanyua maji yakawa mvuke na kuiacha chumvi chini. Ingekuwa ni hivyo tu, Kitangiri ingeshakuwa sufuria ya magadi zamani. Kinachoiokoa ni Sibiti. Mvua zikiwa nyingi ziwa hufurika, na mto ukiondoka huondoka na sehemu ya chumvi. Ziwa lenye mlango wa kutokea husafishika.

Eyasi haina mlango huo. Imekaa ndani ya Bonde la Ufa, kiasi cha mita 1,030 juu ya usawa wa bahari, na kaskazini yake zimesimama nyanda za juu za Ngorongoro, zilizojengwa kwa majivu na lava yenye sodiamu nyingi. Maji yakikaukia humo, kalisi hutangulia kuganda na kuzama, sodiamu inabaki, na maji yanazidi kuwa makali. Ziwa linaweza kufunika kilomita za mraba elfu moja na ushei, lakini sehemu kubwa mtu mzima angeweza kuivuka bila kulowa kiuno. Kiangazi kikikaza, linarudi nyuma na kuacha ukoko mweupe. Nilitembea juu yake asubuhi na mapema: unavunjika chini ya kiatu kama kaki kavu, na chini yake kuna tope jeusi linalonuka yai viza. Mbele kidogo heroe walikuwa wameinamisha vichwa, midomo juu chini, wakichuja spirulina, mwani mdogo usioonekana kwa macho. Waridi la manyoya yao linatokana na rangi za karotenoidi zilizomo katika mwani huo. Heroe akiukosa kwa muda mrefu, hupauka.

Ndani ya maji haya anaishi perege ambaye wanasayansi humwita Oreochromis amphimelas. Duniani kote hupatikana katika maziwa ya chumvi ya Tanzania tu: Manyara, Eyasi, Kitangiri na machache ya jirani. Maji ya chumvi hunyonya maji ya mwili wa samaki kupitia matamvua. Basi yeye hunywa ziwa mfululizo, kisha seli maalumu za matamvua hutoa chumvi nje, usiku na mchana. Nilimla Nduguti kwa mama mmoja mwenye karai la mafuta ya alizeti. Aliparua magamba kwa kisu butu, akachanja mistari mitatu kila ubavu na kupaka ndimu bila chumvi. Nikamuuliza kama amesahau. "Mwanangu, huyu ametoka nayo huko kwao," akanijibu. Sina hakika kama ulimi wangu uliitambua chumvi hiyo au ulishawishika na maneno yake, lakini pamoja na ugali wa mtama na mlenda, nilikula wawili.

Kwa kulinganisha, nimesoma sana habari za Ziwa Garda, kubwa kuliko yote Italia, ambako Wazungu humiminika kila kiangazi. Lina kilomita za mraba 370 hivi, hata nusu ya Eyasi halifiki, ila kina chake kinafika mita 346. Barafu ya kale ndiyo iliyolichonga. Nalo lina mlango: Mto Mincio hutoka humo kwenda Po, kwa hiyo maji yake hayana chumvi. Kina hicho hutunza joto la kiangazi na kulitoa polepole majira ya baridi, ndiyo maana malimau na mizeituni hustawi chini ya milima yenye theluji. Hata Garda ina samaki wake asiyepatikana kwingine, carpione, wa ukoo wa trauti.

Pembeni mwa Garda kuna mizabibu, na hapo Mtanzania hana sababu ya kuona wivu. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Nduguti utapita Dodoma, na Dodoma ina zabibu. Garda mzabibu hulazwa na baridi, ukaamka majira ya machipuko na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, hivyo mkulima huuamsha kwa mkasi: akipogolea, machipukizi mapya huanza safari ya kuzaa. Anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Hewa kavu nayo husaidia, kwa sababu ukungu wa majani hupenda unyevu. Nilibeba chupa ya mvinyo mwekundu wa zabibu ya Makutupora hadi ukingoni mwa Kitangiri. Ulikuwa umepata joto njiani, na bado ulifaa.

Kama hupendi zabibu, kuna asali. Upande wa Munguli, humu humu Mkalama, wanaishi Wahadzabe, na porini kwao yupo mlembe, ndege mdogo anayemwongoza mtu hadi kwenye mzinga. Mtu huchukua asali, ndege hula nta, ambayo tumbo lake linaweza kuimeng'enya. Mwaka 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha katika jarida la Science majaribio yaliyonifurahisha kuliko yote niliyosoma mwaka ule. Wahadzabe huita ndege huyu kwa mluzi wenye mahadhi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mtetemo wa ulimi unaoishia na mguno. Watafiti walicheza sauti zote mbili katika nchi zote mbili. Walembe wa Tanzania waliitika mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao, na kule Msumbiji walipendelea mwito wa Wayao. Ndege wamejifunza lugha ya jirani zao.

Ukitaka kwenda, epuka masika, maana udongo mweusi wa mbuga hunasa gari hadi ekseli. Julai hadi Oktoba barabara ni kavu, ila Eyasi nayo huwa imejikunja. Mimi ningeenda mwezi Juni, Sibiti ukiwa bado unatembea. Simama darajani jioni, upande wa kushuka maji, utazame matete na vipande vya magome vikielea kwenda kule ambako hakuna kutoka.