Springi na Nguvu Iliyobanwa Ndani Yake (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulitaja dalili za springi na shokapu zilizochoka: chombo kuinamia upande mmoja, tairi kugusa bodi kila linapoingia korongoni, na shokapu kuvuja mafuta. Leo tuingie katika kazi yenyewe ya kuibadilisha, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, alieleza mwaka 1678 kwamba kadiri unavyozidi kuibana springi ndivyo nayo inavyozidi kusukuma, kwa uwiano ule ule. Chukua springi inayohitaji nyutoni 25 ili ishuke milimita moja. Ikibanwa milimita 120 inasukuma kwa nyutoni 3,000, yaani uzito wa kilo 300 hivi. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo alikuwa na kilo 30 na ushei begani. Basi mizigo karibu kumi ya namna hiyo imezuiwa na nati moja, na fundi ameinamisha uso juu yake.

Kwenye pikipiki ya magurudumu manne, kama kwenye bodaboda nyingi, springi huizunguka shokapu. Kwanza inua chombo, uweke stendi chini ya fremu. Hapa kwetu Ziba jambo hili linataka uangalifu wa pekee, kwa sababu udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauhimili jeki: itazama upande mmoja huku wewe uko chini. Tandika ubao mpana na mnene, kisha zuia kwa kabari magurudumu yanayobaki chini. Shokapu ikishatolewa, zungusha pete ya kurekebishia ugumu mpaka springi ilegee kadiri inavyowezekana. Ndipo ufunge kibanio cha springi pande mbili zinazotazamana, ukikaza kidogo huku na kidogo kule, mpaka kifuniko cha mwisho kicheze bure kwa mkono. Kisipocheza, usikitoe. Uso na kifua visikae kwenye mstari wa springi, hata kwa sekunde moja.

Nimeona springi zikifungwa kwa waya wa kuchomelea au kamba ya katani badala ya kibanio. Nawasihi mafundi vijana waache. Waya ukikatika hautoi onyo, na chuma kinachoruka hakimpi mtu nafasi ya kukwepa. Kibanio kimoja kinaweza kununuliwa kwa mchango na kutumiwa na gereji kadhaa.

Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo tangu 1999 zina springi za mviringo mbele, zina hatari ya namna nyingine. Springi imekaa peke yake kati ya fremu na ekseli, hivyo ekseli ikishushwa taratibu kwa jeki springi hulegea na kutoka. Kinachoua hapo ni gari kuanguka. Fremu ikae juu ya stendi mbili imara, na mpira wa breki uangaliwe usivutwe wakati ekseli inashuka.

Sasa uchaguzi wa springi mpya. Wengi hupima urefu tu, wakasahau unene wa waya. Ugumu hufuata unene ukizidishwa kwa wenyewe mara nne: waya wa milimita 11 hutoa springi ngumu zaidi kwa takriban asilimia 46 kuliko wa milimita 10, vipimo vingine vikiwa sawa. Vivyo hivyo, anayekata mzunguko mmoja ili ashushe gari anaifanya springi iwe ngumu zaidi, kwa kuwa mizunguko imepungua. Anayeichoma moto ndiye anayeiharibu kabisa: chuma hupoteza ukakamavu wake, na gari litakaa chini kabla ya mvua zijazo. Badilisha kushoto na kulia kwa pamoja. Shokapu yenye gesi usiitoboe wala usiichomelee. Ndani kuna naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa.

Wakati wa kurudisha, bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zisikazwe kabisa chombo kikiwa hewani. Kishushe chini, kibebe uzito wake, ukitikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Ukikaza juu, mpira hubaki umesokotwa muda wote na utachanika mapema. Baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi, rudi na spana uzipitie nati zote tena.

(Itaendelea)