Kurudi Butiama Wakati wa Kipupwe

Sisi tukaao karibu na ziwa hatuoni baridi nyingi mwezi wa Julai. Kwa hiyo wengi hudhani ya kuwa njia yote itokayo Arusha mpaka kwetu Mara ni ya hali moja. Mimi nami nalidhani vivyo hivyo, hata Julai ya mwaka 2018 nikafundishwa.

Habari ilitufikia usiku kwamba mama yetu huko Butiama ni mgonjwa sana. Tukatoka Arusha saa kumi na moja alfajiri, baba mdogo akiendesha motokaa, mimi na mke wangu tukiwa nyuma na mtoto mchanga. Mbingu zilikuwa safi. Lakini tulipopita lango la Lodoare na kupanda ukingo wa Ngorongoro, ulio kadiri ya meta 2,300 juu ya bahari, ukungu ulitufunika kabisa. Mtoto alitetemeka kwa baridi. Mbele hatukuona hata hatua kumi, na kando yetu ni bonde refu.

Baba mdogo akaegesha gari mahali papana, akaziacha taa zikiwaka. Nikamwambia, "Baba mdogo, twende. Mama anatungoja, na malango ya Serengeti hufungwa saa kumi na mbili jioni."

Akajibu, "Mwanangu, mama yako anangoja mtoto wake, hangoji maiti."

Tukakaa muda wa saa mbili. Nakiri kwamba nilimkasirikia moyoni.

Sababu ya ukungu ule ni hii: pepo zitokazo mashariki hubeba unyevu wa bahari. Zikifika penye milima ile hupanda na kupoa, na unyevu hugeuka mawingu na manyunyu. Zikiisha kuvuka hushuka zikiwa kavu. Ndiyo maana, ukungu ulipoinuka nasi tukateremka, baada ya muda mfupi tulikuta vumbi la Olduvai na jua kali. Blanketi la mtoto likawa mzigo.

Katika mbuga za Serengeti nalitaka kufidia saa zilizopotea. Baba mdogo hakukubali, kwa kuwa sheria ya hifadhi ni kilometa 50 kwa saa, na nyumbu hakupi habari anapotaka kukata njia. Tukapita Ikoma saa kumi na nusu. Karibu na Nata mawingu meusi yalipanda kutoka upande wa ziwa, mvua ikanyesha, na udongo ukateleza kama sabuni. Hapo tulikuta lori limelala mtaroni. Watu wake walikuwa wazima, wakasema walikuwa wakishindana na giza. Tukampakia mama mmoja na mwanawe, tukaenda polepole.

Saa mbili usiku tukafika Butiama. Mama alikuwa hai. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto amekula?" Alikaa nasi siku 9, kisha akafariki, watoto wake wote wakiwapo.

Basi, ndugu msomaji, upitapo njia ile wakati wa kipupwe, chukua blanketi, maji, na uji wa watoto. Toka mapema, ili uwe na nafasi ya kungoja. Na dereva akisema, "Tungoje," usimsukume. Saa mbili zile nalizihesabu kuwa hasara. Sasa najua ya kuwa ndizo zilizotupatia siku 9.