Mapenzi ya Zamani Hukaa Kabatini

Kuna nyumba huko Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, iliyofungwa tangu 1944. Majani yamepanda hadi madirishani, vumbi limelala mezani, na wenye mradi wa duka kubwa wanataka ibomolewe wapate mahali pa kuegesha magari. Ukoo unaitwa, watu 30 hivi, wengi wao hawajawahi kuonana. Wanachaguliwa wanne waende wakaangalie kuna nini ndani: mfuga nyuki, mwalimu anayekaribia kustaafu, mhandisi, na kijana anayeishi kwa kutengeneza video. Ndivyo inavyoanza filamu ya Cédric Klapisch, La Venue de l'avenir, iliyoonyeshwa Cannes Mei 2025.

Ndani wanakuta picha, za kamera na za brashi. Kupitia hizo mtazamaji anarudishwa 1895, kwa Adèle, msichana wa miaka ishirini hivi aliyeondoka kijijini kumtafuta mama yake Paris. Kwenye boti ya Mto Seine anakutana na vijana wawili. Anatole anataka kuwa mchoraji, Lucien anataka kuwa mpiga picha. Mifuko mitupu, vichwa vimejaa.

Mtu wa Tiira hahitaji kuelezwa habari hizo mara mbili. Katika mji huu mdogo wa dhahabu, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, si mbali na Busitema, kila wiki hushuka vijana waliotoka kwingine wakifuata kitu ambacho hawajakishika bado. Wapo wenye karai na sururu, wapo wenye spika na kipaza sauti. Kinachostahili kuelezwa ni mtambo wa filamu yenyewe: kwa nini hadithi ya Wafaransa waliokufa zamani inamgusa mtu, na kwa nini hadithi za aina hiyo ni adimu Afrika Mashariki wakati mapenzi, vijana na ndoto vimejaa tele.

Mtambo wenyewe ni rahisi kuliko unavyoonekana. Klapisch anachukua kitu kimoja kinachoonekana katika zama zote mbili, picha au chumba au daraja, na kukitumia kama mlango. Kijana wa leo anaitazama sura kwenye picha, kamera inakaza, sura hiyo inageuka, inacheka, na tayari tuko 1895. Mafundi wa uhariri huuita huo mkato wa mfanano. Machozi ya mtazamaji hayatoki kwenye magauni marefu wala farasi barabarani. Yanatoka hapo kwenye mkato, anapotambua kwamba mtu aliyekuwa karatasi iliyofubaa alikuwa na umri wake, njaa yake na wivu wake. Bila kitu cha kushika, mkato huo haufanyiki. Lazima pawe na picha, na lazima mtu awe ameitunza.

Jambo la pili ni ubishi uliobebwa na Anatole na Lucien. Mwisho wa karne ya 19 wengi waliamini kamera imekuja kuua uchoraji. Ukweli ulikuwa na mzaha ndani yake. Mwaka 1874 kundi la wachoraji waliokataliwa na wakubwa, Claude Monet miongoni mwao, lilifanya maonyesho yake ya kwanza Paris, na chumba walichokipata kilikuwa studio ya zamani ya mpiga picha, Nadar, mtaa wa Boulevard des Capucines. Hapo ndipo Monet alipotundika ile picha ya jua likichomoza bandarini Le Havre, aliyoichora 1872. Baada ya miaka 21, tarehe 28 Desemba 1895, ndugu Lumière walionyesha sinema kwa watu waliolipa kiingilio katika ukumbi wa chini wa Grand Café. Mtaa? Boulevard des Capucines. Mchoraji, mpiga picha na sinema walipishana mlangoni, na hakuna aliyemuua mwenzake. Kiswahili kililijua hilo bila kusoma historia: yote matatu tunayaita picha. Waganda nao wana neno lao ekifaananyi, kitu kilichofanana na mtu.

Sasa tuseme mtu anataka kutengeneza filamu ya namna hii kwetu. Hadithi anazo, tena za kweli. Dhahabu ya eneo la Busia ilianza kuchimbwa miaka ya 1930, wakati upande wa pili wa mpaka, Kakamega, nako kuna kishindo cha dhahabu. Reli iliyopita Tororo ilifika Kampala 1931. Basi Adèle wetu hahitaji boti. Anapanda gari moshi Tororo na kisanduku chake cha bati, na Mwamba wa Tororo unabaki nyuma yake dirishani.

Na Paris yake ni chuo cha Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha uchoraji Kampala, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zikaonyeshwa London. Kutoka magharibi ya Kenya alikuja Gregory Maloba, mzaliwa wa 1922, aliyegeuka bingwa wa uchongaji. Ile sanamu ya Uhuru ya 1962 katikati ya Kampala, mwanamke aliyefungwa vitambaa akimwinua mtoto juu, ni kazi ya mikono yake. Kutoka Kilimanjaro alikuja Sam Ntiro, aliyechora migomba, pombe ya harusi na watu wakishuka milimani, akaenda Slade School huko London, na mchoro wake mmoja ukanunuliwa na jumba la sanaa la MoMA la New York mwaka 1960. Mwaka uliofuata alikuwa balozi wa Tanganyika Uingereza. Mchoraji akawa balozi! Mwandishi wa filamu akibuni hilo ataambiwa ametia chumvi.

Mapenzi je? Ntiro alimwoa Sarah Nyendwoha, binti wa Hoima, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu, aliyoichukua Oxford miaka ya 1950. Aliporudi kufundisha alikataa kupokea mshahara uliokuwa mdogo kuliko wa wanaume wenye sifa kama zake. Adèle wa Klapisch ni msichana mzuri wa kutazama, lakini akisimama na Sarah chumba kimoja atatafuta kiti akae.

Kwa nini basi hakuna filamu hiyo? Pesa, ndiyo, kila mtayarishaji ataanza na pesa. Magari ya zamani, nguo, taa za barabarani za kuficha: filamu ya zama zilizopita hula fedha kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Ila shida kubwa zaidi ni kabati, mahali pa kutunzia picha za zamani. Mwaka 1935 hadi 1937 mradi mmoja wa kikoloni uliokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko, maelezo ya lugha za wenyeji yakitoka kwenye santuri. Zimebaki tatu. Paa ya Paa, nyumba ya sanaa iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1965, ambayo mchoraji Elimo Njau, zao jingine la Makerere, aliilea kwa miaka mingi, iliungua 1997 na kazi nyingi zikateketea. Hapo mwandishi hana picha ya kukazia kamera.

Yako makabati yaliyosalimika. Mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la Uganda, UBC, lilipatikana moja lenye negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi za enzi za Idi Amin, zikiwa ndani ya bahasha zenye maandishi ya tarehe na tukio. Mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda, na watu wakaenda kuwatafuta ndugu zao ukutani. Ndiyo ile nyumba ya Normandy, ila hapa ukoo ulikuwa taifa zima.

Zanzibar imejaribu njia nyingine. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto Septemba 2021, imetoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, na inatupeleka miaka ya 1950 kwa Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mkubwa kuliko yeye, na Denge, kijana wa harakati dhidi ya Waingereza. Shivji alikuwa na bahati mbili. Ya kwanza ni kitabu. Ya pili ni Mji Mkongwe, ambao bado una milango yake, vichochoro vyake, na studio kama Capital Art iliyofunguliwa 1930. Ukuta uliochubuka haukuhitaji kujengwa na seremala. Uchochoro ukitiwa kivuli na mtu akapita na taa, miaka 70 inarudi kwa bei nafuu. Anayeyapita maduka ya zamani ya Wahindi mjini Tororo, yaliyobadilisha wenyewe baada ya Wahindi kufukuzwa Uganda mwaka 1972, anaweza kujiuliza yatabaki hadi lini kabla hayajapigwa vigae vya kung'aa.

Tiira yenyewe filamu ya Klapisch ikifika itafika kwa mdomo wa mtu, ndani ya kibanda cha video. Mpakani kuna mila mbili za jambo hilo. Ng'ambo ya Kenya anatawala DJ Afro, anayeisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili cha mtaani na kuwapa waigizaji vituko ambavyo hawakuvifanya. Ng'ambo ya Uganda ni mavijei, akina VJ Jingo na VJ Junior, wanaotafsiri kwa Kiganda. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, aliyeingiza Kiswahili kwenye filamu za Wamarekani na hata za Wanigeria. Wasomi wa sinema huwa wanakunja uso wakisikia sauti hizo juu ya sauti. Hawana sababu. Huo ni ufundi uleule wa binamu wanne wa Normandy: kusimama mbele ya sura usizozijua na kuzipa jina, ukoo na nia.

Msimulizi mzuri hatapoteza muda na Monet, ambaye naye yumo katika filamu. Atamwita mzee mpaka rangi, asonge mbele. Atakaa kwenye boti, kwa sababu hapo ndipo pana kesi: msichana mmoja, wavulana wawili, na nauli. Anatole atakuwa mtu wa Malaba, Lucien wa Busia, na benchi la nyuma litagawanyika upande wa huyu na upande wa yule, matope ya shimoni yakiwa bado hayajakauka kwenye gambuti. Taa za umeme zitakapowaka Paris na Adèle akashangaa, jenereta la kibanda likikohoa wakati huohuo, msimulizi atapata mstari wake bora wa usiku. Na hakuna atakayekuwa ameurekodi.