Kupinda kwa Nuru na Kukutana kwa Nuru

Sisi walimu tusiyachanganye mambo haya mawili. Wimbi lipitapo mlango wa ghuba ya Mchinga hutanda hata nyuma ya rasi: huko ni kupinda. Mawimbi mawili yakutanapo, mgongo ukiupata mgongo, maji huinuka zaidi. Ukilipata bonde, hutulia: huko ni kukutana. Nuru nayo ndivyo ilivyo. Mwaka 1803, huko London, Thomas Young alieleza jinsi alivyosimamisha ukanda mwembamba wa karatasi ngumu katika mwali wa jua. Kivulini mkaonekana mistari ya nuru na giza. Alipoziba nuru ya upande mmoja, mistari ikatoweka, ingawa ile ya upande wa pili ilikuwa ingali ikipinda. Basi kupinda huileta nuru mahali pamoja. Kukutana ndiko kuchorako mistari.