Daftari la Daktari wa Mifugo Migori na Homa Bay

Kumbukumbu ya matibabu ya mnyama ni maandishi yanayoonyesha ni mnyama gani aliyetibiwa, ni wa nani, alikuwa na dalili zipi, alipewa dawa gani, kiasi gani na tarehe ngapi. Mgonjwa mwenyewe hasemi. Kijana anayeshika kamba daktari anapofika huenda siye aliyekuwa akimchunga ng'ombe alipoanza kuumwa, na mwenye mali pengine yuko Nairobi, anapatikana kwa simu tu. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, daftari ni kifaa cha tiba sawa na kipimajoto na sindano.

Ugumu huanzia kwenye kumtambua mnyama. Ng'ombe wengi wa huku ni zebu wa kienyeji wasio na hereni za namba, na hutajwa kwa rangi zao. Anayeandika "ng'ombe jike mwekundu" na kuishia hapo ameandika habari za nusu ya kijiji. Tena ng'ombe huhama. Waluo na Wakuria hulipa mahari kwa ng'ombe. Ng'ombe wengine huwekeshwa kwa jamaa au rafiki wa mbali, wengine huuzwa mnadani. Mnyama akitoka Kehancha akaenda Rongo, daftari lililobaki Kehancha halimfai kitu. Maelezo yenye faida hutaja mabaka na mahali yalipo, umbo la pembe, kovu au chapa, umri kwa kuangalia meno, jina la mwenye mali na la anayemtunza, pamoja na simu za wote wawili.

Hasara ya kutoandika huonekana waziwazi Bonde la Lambwe, Homa Bay. Ndani yake imo Mbuga ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120, iliyotengwa kuwa hifadhi mwaka 1966 na kufanywa mbuga ya taifa mwaka 1983. Vichaka vyake vimekuwa makazi ya mbung'o kwa miaka mingi, na ng'ombe wa vijiji vya kando hupata nagana, ugonjwa wa vimelea vinavyoletwa na mbung'o hao. Dawa mbili hutumika sana. Diminazini hutibu, na nguvu yake huisha mwilini mapema. Kipimo chake cha kawaida ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Isometamidiamu hutibu na pia humkinga mnyama kwa miezi kadhaa. Vimelea vilivyozoea mojawapo mara nyingi bado hufa kwa nyingine, ndiyo maana hupokezanwa. Lakini hakuna kupokezana bila kujua ni ipi iliyotangulia. Mfugaji akiulizwa, hujibu kwa rangi: "Alidungwa ile ya manjano." Diminazini ikichanganywa na maji huwa ya manjano. Oksitetrasaiklini, inayotumika kwa ndigana baridi na maradhi mengine mengi, nayo ina umanjano. Daktari hubaki akibahatisha, na ng'ombe hulipia.

Uzito nao huandikwa mara chache. Mizani ya ng'ombe haipatikani vijijini, lakini utepe wa kuzungushwa kifuani hutoa makadirio mazuri kuliko jicho. Dawa pungufu haiui vimelea vyote, na vilivyosalia hujifunza kuivumilia.

Kumbukumbu hulinda hata watu wasiomjua ng'ombe huyo. Karibu kila kiuavijasumu kina siku ambazo maziwa na nyama havifai kuliwa, na lebo ya chupa huzitaja. Kumweleza mfugaji kwa mdomo hakutoshi, kwa kuwa aliyesikia asubuhi siye atakayekamua jioni. Tarehe ya mwisho ya kumwaga maziwa, ikiandikwa kwenye karatasi na kubandikwa penye ndoo za kukamulia, hufika kwa kila anayekamua.

Katika uzalishaji, faida ya kuandika huonekana upesi. Ng'ombe aliyepandishwa kwa mrija tarehe 3 Februari huangaliwa tena karibu na tarehe 24, kwa kuwa joto hurudi baada ya siku 21 au karibu na hapo. Kama ameshika mimba, atazaa karibu na tarehe 13 Novemba, yaani baada ya siku zipatazo 283, naye aachwe kukamuliwa kuanzia katikati ya Septemba. Namba ya fahali iliyo kwenye mrija iandikwe pia, ili binti yake asije akapandishwa kwa mbegu ya baba yake.

Kazi yenyewe haimpi mwandishi nafasi. Mhudumu mmoja huzunguka kwa pikipiki katika kata kadhaa, mvua inanyesha, mikono ina damu, simu nyingine inalia: ng'ombe ameshindwa kuzaa. Mara nyingi huitwa siku ya tatu au ya nne, baada ya sindano za agroveti kushindwa, na sindano hizo hazikuandikwa popote. Malipo huja nusunusu. Hapo ujumbe wa M-Pesa husaidia kuliko inavyodhaniwa, maana hubaki na tarehe, saa na jina, hata kama hautaji ugonjwa.

Tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, na sheria ya 2011 inamtaka kila daktari na msaidizi wake asajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Taarifa za magonjwa hupanda kutoka kata hadi kwa mkurugenzi wa taifa, siku hizi pia kwa simu kupitia mfumo wa KABS. Zina uzito wa pekee Isebania, ambako mifugo huvuka kwenda na kutoka Sirare, Tanzania. Kibali cha kusafirisha mifugo hutegemea habari kwamba eneo inakotoka halina ugonjwa kama wa midomo na miguu. Kadi ya chanjo ya mbwa nayo huulizwa mtoto anapoumwa na mbwa, katika nchi iliyojiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa.

Njia inayofaa zaidi kwa mazingira haya ni kitabu cha nakala mbili kama cha risiti: karatasi ya juu ibaki bomani na imfuate mnyama akiuzwa au akitolewa mahari, nakala ya chini abaki nayo mhudumu. Mwenye simu apige picha ukurasa jioni, kabla mvua haijaufikia.