Ua la Zulia Hushikwa na Nini?

Ikaribiapo Idi, nyumba nyingi za pwani yetu hubadilishwa mapazia, kuta hupakwa rangi upya, na zulia la sebuleni huangaliwa kwa jicho jingine: libaki au liondoke? Tuingiapo dukani, wengi wetu hutazama mambo mawili tu, ua lake na bei yake. Jambo la tatu, ambalo ndilo huamua iwapo zulia litadumu miaka au litaanza kumomonyoka mapema, limejificha chini. Mwombeni muuzaji alipindue.

Mkeka wa ukindu ukiupindua utaliona ua lile lile upande wa pili. Ua ndio mkeka wenyewe. Mkono uliosuka ukili ndio uliopitisha ukindu mwekundu juu ya mweupe, na ukitaka kuliondoa ua hapana mkeka utakaobaki. Zulia la Kiajemi la kufungwa mafundo liko vivyo hivyo, na hata lililofumwa kwa mashine huonyesha ua lake nyuma. Lakini zulia tunalokatiwa kwa mita, la kutandikwa toka ukuta hadi ukuta, pamoja na baadhi ya mabusati, ukilipindua huoni ua lolote. Unaona kitambaa kigumu cha rangi moja kilichobandikwa. Hilo ni zulia la vishungi: halikufumwa wala halikufungwa, bali limeshonwa kwa sindano katika kitambaa kilichokwisha kuwa tayari, na kila kishungi cha uzi kimeshikwa na gundi.

Asili ya kazi hii si kiwanda bali mkono wa msichana. Mwaka 1895, karibu na mji wa Dalton katika jimbo la Georgia, Marekani, Catherine Evans, mwenye umri wa miaka 15, alishona shuka ya kutandika juu ya kitanda kwa kuigiza namna ya kale aliyoiona katika shuka ya urithi. Alipitisha uzi mnene wa pamba katika kitambaa, akavikata vitanzi ili ncha zichanue, kisha akaifua shuka kwa maji ya moto. Kitambaa kilijikaza, matundu yakazibana nyuzi, na vishungi vikasimama. Hapakuwa na gundi. Mwaka 1900 aliuza shuka yake ya kwanza kwa dola 2 na senti 50, na maombi yalipozidi uwezo wa mikono yake akawafundisha majirani.

Kufikia miaka ya 1930, kazi ile ilikuwa imeenea katika mashamba ya eneo zima. Magari yalizunguka yakigawa mashuka yaliyokwisha kupigwa chapa ya maua, pamoja na nyuzi, kisha yakarudi kuyakusanya. Wanawake walishona barazani baada ya kazi za nyumba, na watoto wakasaidia. Mashuka yalianikwa kando ya barabara kuu ili wasafiri wayaone, na kwa kuwa wengi walipenda ua la tausi, barabara ile ikapata jina la Njia ya Tausi. Msomaji wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi, kwani kofia zetu za viua hushonwa kwa mpango unaofanana sana na huo: kitambaa huja kikiwa kimechorwa, sindano ni ya mama wa nyumbani, na mauzo ni ya mtu mwingine.

Ujira wa Dalton ulikuwa wa kuhesabiwa kwa kipande, nao ulikuwa mdogo. Mwaka 1938 sheria ya Marekani iliweka kima cha chini cha mshahara kwa saa, na wenye biashara hawakuona tena faida ya kutawanya kazi majumbani. Mafundi walikuwa wamekwisha kuanza kuichezea cherehani. Glenn Looper, fundi wa Dalton, hutajwa kuwa ndiye aliyeigeuza cherehani ya Singer ikaweza kushindilia uzi mnene bila ya kukichana kitambaa, na kukikata kitanzi papo hapo. Sindano moja ikawa nne, nne zikawa nane, kisha zikawa ishirini na kitu. Kiasi cha mwaka 1950 zikaja mashine zenye upana wa chumba kizima, na zilipopata uzi wa nailoni mazulia ya kufumwa yakaanza kushindwa sokoni. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha, sehemu kubwa mno ya mazulia yaliyotengenezwa Marekani yalikuwa ya vishungi. Wanawake wengi waliokuwa wakishona barazani waliifuata kazi kiwandani, wakawa wasimamizi wa sindano mia badala ya moja. Sheria iliwaongezea ujira, ikawaondolea uhuru wa kushona mtoto akiwa pajani. Kipi kilikuwa bora kwao, nadhani jibu lingetofautiana nyumba kwa nyumba.

Mashine yenyewe si ngumu kuifahamu kwa mtu anayejua cherehani. Iwazie cherehani yenye upana wa karibu mita 4, isiyo na sindano moja bali zaidi ya elfu, zote zimepigwa msitari katika pau moja ya chuma, zikishuka na kupanda pamoja. Nyuma yake ziko rafu zilizojaa mabonge ya uzi, bonge moja kwa kila sindano, na kila uzi hupita katika mrija wake hadi kwenye magurudumu yanayoulisha. Kitambaa cha msingi, ambacho siku hizi kwa kawaida ni cha plastiki iliyofumwa, hupita chini ya sindano. Sindano inaposhuka hutoboa kitambaa na kuingiza uzi. Chini yake kigoe hukidaka kitanzi na kukishikilia hadi sindano ipande. Kigoe kikielekea upande mmoja, kitanzi huachiliwa kizima. Kikielekea upande wa pili, vitanzi hujipanga juu yake na kisu kidogo huvikata, ndipo tunapopata lile zulia laini lenye manyoya kama mahameli. Ajabu yake ni kwamba uso wa zulia huzaliwa chini, na msimamizi wa mashine huona mgongo wake tu.

Zulia litokapo hapo bado halifai kitu. Ukivuta uzi mmoja, msitari mzima wa vishungi utakufuata. Kwa hiyo mgongo wake hupakwa gundi ya mpira iliyochanganywa na unga wa chokaa, hubandikwa kitambaa cha pili, na lote hupitishwa katika tanuri mpaka gundi ishike. Unga huo ndio humpunguzia mtengenezaji gharama. Ukizidi, gundi hukosa nguvu, na zulia huwa zito mkononi kuliko linavyostahili. Uzito peke yake, basi, si dalili ya ubora.

Tuje kwenye ua, maana hapo ndipo mashine hii ilipopata shida kubwa. Kila sindano hubeba uzi wake mmoja kutoka mwanzo wa zulia hadi mwisho. Kwa tabia yake, basi, mashine ya vishungi hujua kutoa kitu kimoja tu, nacho ni misitari ya kwenda kwa urefu. Catherine Evans angeweza kushona tausi kwa kupeleka sindano yake atakako. Sindano elfu zilizofungwa katika pau moja haziendi zitakako.

Mafundi walianza na hila ya urefu wa uzi. Gurudumu likilisha uzi mwingi, kitanzi hutoka kirefu. Likilisha kidogo, sindano hukosa uzi wa kutosha na kuuiba kutoka katika kitanzi kilichotangulia, nacho hujikunja na kuwa kifupi. Kwa kubadilisha mwendo wa magurudumu, yakapatikana maua ya bonde na mlima, yenye rangi moja lakini yenye kivuli. Ila wizi ule huacha alama, kwa kuwa ukingo wa ua hauwi mkali na daima kuna mshono mmoja usiojua uko upande gani. Baadaye ikaja hila ya pili, ya kuisogeza pau yenyewe kushoto na kulia kati ya mshono na mshono, na misitari ikageuka kuwa pembe, ngazi na mawimbi. Mengi ya mazulia ya hoteli na viwanja vya ndege yenye vijisanduku na vigongo hutokana na ufundi huo.

Hila iliyofungua mlango hasa ilingoja kompyuta. Katika mashine za leo, kila uzi unaweza kuwa na mota yake ndogo inayouamuru peke yake. Nyuzi hupangwa kwa zamu, nyekundu, kijani, buluu, maziwa, kisha nyekundu tena, na pau ikawa inasogea ili kila rangi ipate kufika kila mahali. Penye petali nyekundu, uzi mwekundu hulishwa wa kutosha na kusimama, na zile nyingine tatu huvutwa chini zikajificha ndani ya kitambaa. Zipo pia mashine zinazoziamuru sindano moja moja, ipi ishone na ipi ipumzike, na zipo zinazousukuma uzi kwa hewa ndani ya sindano yenye tundu kama bomba. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni ya kulikwepa swali: hushonwa zulia jeupe, kisha likarushiwa rangi kwa mirija midogo kama ifanyavyo mashine ya kuchapisha. La namna hiyo mlitambue kwa kuyapasua manyoya kwa vidole, kwani mara nyingine rangi imekoza juu na kupauka chini.

Jambo hili linawahusu pia walio katika kamati za misikiti. Sote tunaijua hadithi aliyoipokea Bibi Aisha (RA) ya nguo yenye mapambo iliyomshughulisha Mtume (SAW) katika swala, akaagiza irudishwe kwa Abu Jahm. Zulia la msikiti lenye msitari mtupu wa safu ndilo jepesi kwa mashine ya vishungi, kwa kuwa msitari ni sindano chache tu zilizotiwa uzi wa rangi nyingine. Zulia lenye umbo la mihrabu kwa kila mwenye kuswali linahitaji mitambo ya juu, na bei hupanda pamoja nayo. Anayechagua msitari mtupu hajachagua kitu duni, na akiba hiyo yaweza kuwekwa katika uzi mzito na gundi nzuri.

Na kasi je? Zulia la Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos mjini Muscat lilifungwa na wanawake 600 wa Kiajemi kwa muda wa miaka 4. Lina mafundo bilioni 1.7 na uzito wa tani 21. Chukua mashine yenye sindano 1,152, ishone mara 1,000 kwa dakika, kasi ambayo mashine za kisasa huifikia. Ingehitaji kiasi cha dakika 1,476 kushona vishungi bilioni 1.7, yaani usiku mmoja na mchana wake. Hesabu hii ni ya karatasini, kwani uzi hukatika na mashine husimama. Uzi ukikatika bila kuonekana, zulia hupata ufa mwembamba wa kwenda kwa urefu, na hapo hurudi kazi ya mkono: mtu huketi na kuujaza ufa kishungi kwa kishungi, kama alivyofanya msichana wa Dalton.

Lakini fundo la Muscat limejifunga lenyewe, na kishungi hakina ila gundi. Kutokana na tofauti hiyo ndipo yatokapo mambo ambayo mwenye nyumba anapaswa kuyajua.

Dukani, lipinde zulia mgongo ndani, uso nje, na utazame katikati ya manyoya. Ukiona kitambaa cha msingi kwa wepesi, vishungi ni vichache na njia ya mlangoni itaisha mapema. Jaribu kuutenganisha kwa kucha, penye ncha iliyokatwa, mgongo na kitambaa kilichobandikwa. Ukiachana bila ya ubishi, liache zulia hapo hapo. Ukilikata nyumbani kwa kipimo chako, uagize ncha zifungwe kwa utepe au zipakwe gundi, la sivyo vishungi vya pembeni vitatoka kimoja baada ya kimoja, na watoto watavisaidia kutoka.

Nyumbani, adui mkubwa ni maji mengi. Wengi wetu tumezoea kulitoa zulia uani, kulimwagia maji ya bomba, kulisugua kwa sabuni na kuliacha juu ya ukuta. Zulia la mafundo au la kufumwa linaweza kustahimili. La vishungi, maji yakiingia kati ya vitambaa viwili na kukaa, hasa katika unyevu wetu wa masika, gundi hulegea, mgongo huachana na uso, na harufu ya uvundo haitoki tena. Mtoto akikojoa, wahini kukausha kwa kitambaa kikavu kwa kubonyeza bila kusugua, kisha mtie maji kidogo na kuyanyonya kwa kitambaa kingine, na kurudia hivyo mara kadhaa. Kuhusu kiasi cha maji kinachotosha kuitoharisha najisi, waulizwe mashekhe, na ni vizuri aulizaye aeleze kwamba zulia lake ni la kubandikwa. Baada ya hapo linyanyueni lipigwe na upepo pande zote mbili mpaka mgongo ukauke, usiwe mkavu uso tu.

Na siku mtakapolinyanyua zulia la zamani mkakuta sakafuni vumbi jeupe kama unga wa ngano, msiilaumu fagio ya msichana wa kazi. Hiyo ndiyo gundi yenyewe, imezeeka na kusagika, na vishungi vya juu sasa havina anayevishika.